Karoti zikija na majani, yakate siku hiyohiyo

Kama unachukua kapu la mboga la kila wiki kutoka shambani, karoti na bitiruti zikija na majani yakate siku hiyohiyo, usiseme ntafanya kesho. Majani yanaendelea kunyonya maji ya mzizi, ndo maana siku mbili tatu tu karoti imeshalegea kama kamba. Bitiruti iachie kikonyo kama sentimita 2, ukikata hadi kwenye nyama rangi yote inaishia kwenye sufuria. Majani yake usitupe, kaanga kama mboga yoyote ya majani, na shamba likiwa halitumii dawa za viwandani ndo raha zaidi (mchanga lakini uko palepale, osha). Karoti ikishalegea kukata hakusaidii tena, iloweke kwenye maji baridi sana kama saa 1, ikigoma basi supu.