Somo: Kuandaa mwongozo wa mtumiaji kwa Markdown na MkDocs

Wakuu, habari za kazi. Somo hili ni kwa wanaoandika miongozo ya mifumo: wa TEHAMA waliotupiwa kazi hiyo, na waandishi wanaotaka kuingia fani hii.

Kwa waraka wa kurasa tatu usiobadilika, Word inatosha, sina ugomvi nayo. Shida huanza mfumo unapobadilika kila mwezi na mwongozo unapitia mikono minne. Folda inajaa mwongozo_mpya, mwongozo_mpya2, mwongozo_MPYA_KABISA, na hakuna anayejua mteja alitumiwa upi. Hapo ndipo MkDocs inaposaidia: ni programu inayogeuza maandishi ya kawaida yenye alama chache (Markdown) kuwa kurasa za tovuti.

Hatua ya 1: Orodhesha kazi za msomaji. Usianze na menyu za mfumo. Karani wa SACCOS hataki kujua "Moduli ya Wanachama" ni nini. Anataka kumsajili mtu aliyesimama dirishani. Kila kazi iwe na ukurasa wake.

Hatua ya 2: Sakinisha. Ukiwa na Python (lugha ya programu ambayo MkDocs inaitegemea), fungua dirisha la amri (terminal) na uandike amri hizi moja moja:

`pip install mkdocs`
`mkdocs new mwongozo`
`cd mwongozo`
`mkdocs serve`

Fungua kivinjari kwenye 127.0.0.1:8000. Kila ukihifadhi faili, ukurasa unajisasisha wenyewe. Maandishi yako yanakaa ndani ya folda ya `docs`, kwa Markdown, mtindo ambao John Gruber aliutoa mwaka 2004: alama ya reli (#) hutengeneza kichwa cha habari, nyota mbili (**) huku na huku hukoleza neno. Nusu saa inatosha kuuzoea.

Hatua ya 3: Andika. Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi huandika kama barua ya serikali:

"Taarifa za mwanachama zinapaswa kuingizwa na kuhifadhiwa ipasavyo."

Nani aingize? Wapi? Linganisha na hii:

1. Bonyeza Wanachama, kisha Ongeza.
2. Andika namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa.
3. Bonyeza Hifadhi. Namba ya uanachama itatokea juu kulia. Isipotokea, angalia kama kuna sehemu uliyoiacha wazi.

Hiyo sentensi ya "isipotokea" ndiyo inayopunguza simu za msaada. Na onyo liwekwe kabla ya hatua yenyewe. Mtu akishafuta kumbukumbu, "hakikisha umenakili kwanza" haimsaidii kitu.

Hatua ya 4: Tunza historia kwa Git, programu inayokumbuka kila badiliko la faili zako. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya Linux, lakini haichagui: maandishi nayo inayatunza. Anza na `git init`, kisha kila ukibadilisha, `git add .` na `git commit -m "Nimeongeza hatua za kubadili nywila"`. Ukiandika "marekebisho" tu, mwezi ujao hata wewe hutajua ulirekebisha nini.

Hatua ya 5: Mpe mtu asiyeujua mfumo. Kaa pembeni, usiseme neno. Akisita, weka alama mahali hapo. Akikuuliza, jibu lako lilitakiwa liwe kwenye ukurasa.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, asante kwa somo. Nikiweka picha katikati ya hatua, namba zinaanza upya kwenye 1. Nakosea wapi?*

Picha haijaingia ndani ya hatua. Acha mstari mmoja wazi, kisha isogeze picha kulia kwa nafasi nne. Nafasi mbili au tatu MkDocs haizikubali, hata kama programu nyingine zinazikubali.

*Matawi yetu hayana intaneti ya uhakika. Naweza kuwapa kwenye flashi?*

Ndiyo. Kwenye `mkdocs.yml` ongeza `use_directory_urls: false`, endesha `mkdocs build`, nakili folda ya `site`. Wafungue `index.html`. Kisanduku cha kutafuta hakitafanya kazi wakifungua hivyo, kwa hiyo panga menyu vizuri.

*Bosi wangu anataka Word, hasikii lingine.*

Mpe Word, ndugu. Sakinisha Pandoc, programu ya kugeuza faili kutoka mtindo mmoja kwenda mwingine, ingia kwenye `docs`, andika `pandoc index.md -o mwongozo.docx`. Kama una kurasa nyingi, zitaje zote kwa mpangilio baada ya `index.md`. Ila akirekebisha kwenye Word, yahamishie kwenye Markdown siku hiyo hiyo, usije ukawa na miongozo miwili inayopingana.

*Dada yangu ni mwalimu wa Kiswahili, anataka kuingia kazi hii. Aanzie wapi bila ada?*

Google wana kozi za bure za uandishi wa kiufundi, ziko mtandaoni. Asome pia Diátaxis, mfumo wa kupanga nyaraka wa Daniele Procida, unaotenganisha nyaraka za aina nne: somo la kujifunzia, maelekezo ya kazi, rejea na ufafanuzi. Ukiona mwongozo unachosha, mara nyingi aina mbili zimechanganywa ukurasa mmoja. Kisha achague programu huria anayoitumia, atafute ukurasa wenye kasoro, aurekebishe na kuutuma. Mwajiri akiomba kazi zake, atampa kiungo cha ukurasa huo. Vyeti nisingevikimbilia mwanzoni.