Jinsi ya kuandika maelekezo ya dawa yanayoeleweka saa sita usiku

Kazi yangu ni kuhariri vikaratasi vya afya: vinavyokunjwa ndani ya pakiti ya dawa, vinavyobandikwa ukutani zahanati, vinavyogawiwa kliniki ya mama na mtoto. Msomaji wangu hasomi akiwa ametulia mezani. Anasoma kwa tochi ya simu, mtoto anachemka mapajani, na akikosea hesabu anayeumia si yeye. Kwa hiyo nitakufundisha kuandika kwa lugha nyepesi nikitumia mfano mmoja tu, dawa mseto ya malaria ambayo Tanzania tunaiita ALu. Kipimo hupangwa na anayetoa dawa. Hapa tunashughulika na namna ya kukiandika.

Anza na aya hii. Nimeitunga mwenyewe, lakini kila sehemu yake nimekutana nayo mezani:

"Utumiaji wa dawa hii ufanyike kwa kuzingatia uzito wa mgonjwa, ambapo dozi ya pili itolewe baada ya saa 8 tangu kutolewa kwa dozi ya kwanza, na dozi zitakazofuata zitolewe kutwa mara 2 kwa muda wa siku mbili zinazofuata, aidha inashauriwa umezaji uambatane na ulaji wa chakula chenye mafuta ili kuongeza ufyonzwaji."

Hakuna uongo ndani yake. Kiswahili chake ni sanifu. Na bado mama hajui ampe mtoto vidonge vingapi, saa ngapi.

Hatua ya 1: Orodhesha vitendo kabla ya kuandika sentensi

Chukua karatasi, andika mikono ya mama itafanya nini, kwa mfuatano. Atampa mtoto kidonge sasa. Atampa kingine baadaye leo. Kesho asubuhi, kesho usiku. Keshokutwa asubuhi, keshokutwa usiku. Ni mara sita, basi. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge 1 kila mara, kwa hiyo vidonge 6 kwa jumla. Ukishindwa kuandika orodha hii, tatizo si lugha. Hujaielewa dawa yenyewe, rudi kwa mfamasia umuulize.

Hatua ya 2: Rudisha vitenzi

Tazama "utumiaji ufanyike", "umezaji uambatane na ulaji". Kiswahili kina vitenzi vyenye nguvu: tumia, meza, kula. Tukivigeuza kuwa majina, tunalazimika kutafuta kitenzi kingine cha kuvibeba, ndiyo maana "fanya" na "fanyika" zimejaa kwenye maandishi ya ofisi. Pita na kalamu, zungushia kila neno lililoanza na u- na kuishia na -aji, kila "zoezi la" na "suala la". Kisha uliza: nani anafanya?

Hapo utakutana na "itolewe". Waandishi wengi huogopa kuandika "mpe" wakidhani ni kumwamrisha mtu mzima. Nimebishana sana juu ya hili. Muuza dawa akiwa dirishani humwambia mama, "Mpe kimoja sasa hivi, dada," na hakuna anayeona amevunjiwa heshima. Kama msomaji wako ni mzee na unaona "mpe" ni kavu, Kiswahili kina "umpe", ni laini na bado inasema nani afanye. "Apewe" haisemi. Nyumba yenye bibi, shangazi na dada wa kazi, kila mmoja atadhani mwenzake ameshampa.

Hatua ya 3: Kuwa mkali na saa

Hapa ndipo nataka ukae zaidi, maana kosa hili ni la kwetu na miongozo iliyotafsiriwa hailioni.

"Baada ya saa 8" ina maana mbili. Moja: muda wa saa nane upite. Nyingine: ikishafika saa nane, yaani saa nane mchana. Aliyempa mtoto dozi ya kwanza saa 4 asubuhi akaelewa maana hiyo ya pili, atampa tena baada ya muda wa saa nne tu. Wengine hukwepa kwa kuandika "masaa 8", na mhariri wa Kiswahili sanifu huifuta kwa sababu wingi wa saa ni saa. Mimi siingii kwenye ugomvi huo. Nafanya hesabu mwenyewe, au naacha nafasi mtoa dawa aijaze: dozi ya kwanza saa 4 asubuhi, ya pili saa 12 jioni. Mama hapaswi kujumlisha akiwa na usingizi. Na kwa kuwa simu yake huenda inaonyesha 18:00, ongeza hiyo pembeni.

"Akitapika kabla ya saa moja" ina ugonjwa huo huo. Andika dakika 60.

"Kutwa mara 2" tumeirithi na tumeizoea. Lakini kutwa ni mchana, mpaka jua linapozama. Usiku wake ni kucha. Kwa nini uandike neno linaloacha usiku nje, wakati dozi ya pili ni ya usiku? Andika "asubuhi na usiku". Na "1 x 2" iache kabisa, maana aliyesoma hesabu ataona alama ya kuzidisha.

Siku nazo zina mtego. Kwa wazee wengi wa pwani, usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani Alhamisi jua likishazama. Kijana wa mjini atasema ni Ijumaa yenyewe jioni. Tuna msemo mzuri usio na utata, "usiku wa kuamkia Ijumaa". Utumie.

Hatua ya 4: Chagua neno lililoko mdomoni mwa msomaji

"Ufyonzwaji" ondoa. Sababu ni ya kweli, dawa hii huingia mwilini vizuri zaidi pakiwa na mafuta kidogo, lakini anachohitaji mama ni chakula chenyewe: maziwa, au uji wenye karanga. Anayenyonya, anyonye.

Lakini usidhani neno la mtaani siku zote linatosha bila maelezo. "Degedege" linajulikana na kila mtu, na ndiyo maana lazima uliandike. Ila kuna familia zinazoamini ni jambo la mashetani, zikaanza kwa mganga. Ukikwepa neno hilo ukaandika "mishtuko ya mwili", mama hatajua unazungumzia kile kile anachokiogopa. Liandike, kisha useme wazi: degedege kwa mtoto mwenye malaria ni dalili kuwa ugonjwa umekuwa mkali.

Hatua ya 5: Panga upya

Jambo moja, mstari mmoja. Sentensi fupi pia hukulinda na makosa ya upatanisho wa ngeli, yanayotokea pale jina linapokuwa mbali na kitenzi chake.

Leo: mpe mtoto kidonge 1 sasa hivi. Mpe kingine saa ____.
Kesho: kidonge 1 asubuhi, kidonge 1 usiku.
Keshokutwa: kidonge 1 asubuhi, kidonge 1 usiku.
Mpe akiwa amekula au amenyonya.
Akitapika kabla ya dakika 60 kupita, mpe kidonge kingine, kisha rudi ulikochukua dawa uongezewe.
Akipata nafuu, endelea mpaka vidonge vyote 6 viishe.
Mpeleke hospitali mara moja akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, au akilegea na kupoteza fahamu.

Hatua ya 6: Mpe mtu asome, lakini usimuulize "umeelewa?"

Kwetu jibu la swali hilo ni "ndiyo". Ni heshima, hasa ukiwa umevaa vizuri na umeshika kalamu. Mpe karatasi na pakiti tupu, mwambie: "Tuseme sasa ni saa 4 asubuhi. Nionyeshe utakavyompa mpaka dawa iishe." Kaa kimya, tazama kidole chake. Kikisimama mahali, weka alama hapo. Usimweleze, maana nyumbani kwake hutakuwepo kumweleza. Watu watano wakikwama mstari ule ule, mstari ndio wenye kosa. Uandike upya, utafute watano wengine ambao hawajauona.