Kumlea mwanafunzi anayetafiti safari za wanaanga, ukiwa Kisumu

Nafundisha fiziolojia hapa Kisumu, na karibu kila mwaka hunijia mwanafunzi anayetaka kutafiti mwili wa mwanaanga. Wenzangu wengi huwarudisha: "Tafuta mada ya hapa nyumbani." Mimi huwapokea. Nawe mwalimu mwenzangu ukitaka kuwapokea, hivi ndivyo ninavyofanya.

Siku ya kwanza usimpe vitabu. Mwulize kwa nini wanaanga huelea. Wengi hujibu kwamba huko juu hakuna mvutano wa dunia. Mpe kalamu akokotoe. Kituo cha kimataifa cha anga, wanakoishi wanaanga, kiko kilomita 400 hivi juu yetu, na kwa umbali huo mvutano bado ni karibu asilimia 90 ya huu wa hapa Kondele, mtaani Kisumu. Wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja, wakiizunguka dunia kila dakika 90 hivi. Usimvushe hapo mpaka aweze kumweleza mdogo wake nyumbani akaelewa.

Kisha libane swali. "Maisha kwenye Mars" si swali la utafiti. Binti mmoja wa Ahero alikuja na hilo hilo, na ilituchukua wiki tatu kulifikisha hapa: je, kifaa chepesi kinaweza kupima nguvu za paja bila kudanganya? Sababu yake ni nzito. Bila mazoezi, mifupa ya nyonga ya mwanaanga hupoteza kama asilimia 1 hadi 1.5 ya madini yake kila mwezi, na misuli ya miguu hunywea. Ndiyo maana kule hutengewa takriban saa 2 za mazoezi kila siku. Mgonjwa aliyelazwa na mguu uliovunjika naye hunywea, ila mwonye mwanafunzi asiwalinganishe ovyo: mgonjwa ana maumivu, dawa na umri wake. Watafiti wanaoiga hali ya angani huwalaza watu wazima wenye afya, kichwa kikiwa chini kwa nyuzi 6, madaktari wakiwatazama. Nimewahi kuombwa jaribio hilo lifanyiwe hosteli. Nilikataa, nawe ukatae.

Sasa mtafutie mlezi wa pili, mtu wa kazini. Usisubiri mhandisi wa roketi. Mimi nilimwendea fundi wa mashine za hospitali, mama aliyezoea kuhudumia zahanati za visiwani. Alikigeuzageuza kile kifaa mkononi, akauliza: kina uzito gani? Kinakula umeme kiasi gani? Kikiharibika kisiwani Mfangano na boti ya mwisho imeondoka, nani atakitengeneza? Hayo ndiyo maswali ya safari ya Mars, ambako ujumbe wa redio unaweza kuchukua zaidi ya dakika 20 kufika, na spea haiji kabisa.

Hapa ndipo nilipokosea. Binti alikuwa akija kwangu Jumatatu, kwa fundi Alhamisi. Mimi nikimtaka aongeze watu wa kupimwa, fundi akimtaka aboreshe kifaa. Akabadilisha kihisio katikati ya vipimo, na data ya muhula mzima ikawa hailinganishiki. Alilia ofisini mwangu, na kosa lilikuwa letu sisi wakubwa. Tangu hapo tunaketi watatu, kila baada ya wiki mbili, saa moja tu. Mwanafunzi ndiye anayeandika tulichokubaliana, na hakuna anayegusa kifaa wala utaratibu mpaka wote watatu waseme ndiyo. Tukibishana, tunabishana mbele yake. Ni haki yake kuona jinsi watu wazima wanavyopima ushahidi.

Vibali vianze mapema: kamati ya maadili ya chuo, kisha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, kabla ya mtu yeyote kupimwa. Akiwa anasubiri, mpe kazi kwenye data za wazi za NASA, shirika la anga la Marekani, ambazo hazilipiwi. Jina la nani litatangulia kwenye ripoti, amueni sasa hivi.

Na kabla ripoti haijaandikwa, kipelekeni kifaa mbali kweli. Sisi tulikivusha kwa boti kutoka Mbita hadi Mfangano. Fundi alichomoa waya mmoja kimyakimya, akaenda kuketi kivulini. Binti akafungua mkoba wake, akatoa bisibisi, akaanza kutafuta.