Kabla ya Kufungua Springi za Trela la Boti

Kusi likianza kukaza, wenye boti za faiba kuanzia Watamu hadi Msasani huzipandisha juu, na yale matrela yaliyoshinda msimu mzima yakitumbukizwa baharini hupata kutazamwa kwa utulivu. Ndio wakati mzuri wa kubadilisha springi. Kazi yenyewe ikiandaliwa ni ya siku moja. Isipoandaliwa inakula wiki tatu, kwa sababu springi zikishatoka, trela haliendi popote: halifiki kwa mchomeleaji, halipelekwi dukani kulinganishwa na vipuri, wala haliwezi kushuka kuipokea boti maji yakijaa. Basi maamuzi yote makubwa yafanye wakati magurudumu bado yanagusa ardhi.

Anza na maji, hata kama trela liko nyuma ya nyumba. Katika pwani yetu tofauti ya maji kupwa na maji kujaa hufika mita 4 hivi wakati wa bamvua, na hupungua sana wakati wa maji mafu. Sehemu nyingi za kushushia boti zinafaa siku za bamvua tu. Siku nyingine maji hayapandi hadi kwenye saruji, na trela linaishia kuzama mchangani. Kama mpango wako ni kuiacha boti nangani huku trela likitengenezwa, hesabu siku kuanzia bamvua hadi bamvua, maana huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Ukichelewa siku tano, hujachelewa siku tano. Umechelewa wiki mbili. Fundi aambiwe hivyo mapema.

Mimi napendelea boti itoke kabisa juu ya trela. Inawezekana kubadilisha springi ikiwa juu, na watu hufanya, lakini uzito huo wote unakuwa umening'inia kwenye jeki huku mtu amelala chini yake akigonga nyundo. Kuishusha si shida kubwa: magogo ya minazi, matairi ya zamani, magunia ya mchanga, na vijana wa ufukweni wanaojua kusukuma kwa pamoja. Angalia tu uti wa boti ndio uliobeba uzito, si mbavu zake, na mguu wa mashine umeinuliwa. Ukilazimika kuiacha juu, usilitoe trela kwenye gari. Mashine iko nyuma, na trela lisiloshikwa mbele likiinuliwa linaweza kupinduka kwa kisogo, pua ikaenda juu. Tia kabari kwenye magurudumu ya gari, na weka tegemeo imara chini ya mkia wa trela kabla jeki haijaguswa.

Sasa tafuta kilichochakaa hasa. Wengi hutazama springi kwa kuwa ndiyo inayoonekana, kumbe ugonjwa mara nyingi uko kwenye viungo vyake. Chukua tochi, brashi ya waya na bisibisi nene, trela likiwa limekaa chini kwa magurudumu yake. Kwenye springi yenyewe, tazama kama majani, yaani vile vibamba vya chuma vilivyolaliana, yameachana. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo ikijaa katikati huyasukuma majani mpaka yanapasuka. Piga brashi kuzunguka jicho la jani la juu, ile ncha iliyokunjwa kuwa tundu la bolti, na pale springi inapokaa juu ya ekseli, kwa kuwa nyufa huanzia hapo. Kisha nenda kwenye shakeli, vile vipande viwili vya chuma vinavyobembeza mwisho wa springi. Ingiza bisibisi na usukume juu na chini. Ikicheza, bushi, ule mkebe mdogo unaokaa ndani ya jicho kuizunguka bolti, imekwisha na sasa chuma kinasaga chuma. Bolti iliyotoka kwenye kiungo cha namna hiyo utaiona imelika katikati kama muwa uliong'atwa, ilhali kichwa chake na nati yake ni vizima kabisa, na kwa nje hakuna dalili yoyote. Tundu la mabano yanayoishika springi kwenye chesisi nalo huwa limerefuka upande mmoja, halikai tena mviringo. Hapo kubadilisha springi na bushi peke yake hakusaidii. Mabano hayo, ambayo mafundi huyaita hanga, yanahitaji kuchomelewa mapya, na hiyo ni kazi nyingine yenye fundi wake na siku yake.

Pima pia kama ekseli imenyooka mahali pake. Nyosha tepu kutoka kwenye kichwa cha kuvutia hadi katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) ya kushoto, halafu ya kulia. Vipimo visipolingana, ekseli imehama, na mara nyingi ni senta bolti, ile inayoyashika majani pamoja katikati, iliyokatika ndani ya springi. Tairi lililolika upande mmoja au madigadi yenye mikwaruzo ya tairi yatakuwa yameshakuambia.

Ukichungulia usione springi yoyote, ila ekseli nene ya pembe nne yenye mikono miwili iliyokaa mshazari, basi trela lako linabebwa na mipira iliyobanwa ndani ya bomba hilo. Mipira hiyo haitengenezwi mtaani. Ikichoka, mkono unalala na tairi linainamia ndani, na unaagiza ekseli nzima: pima umbali wa matundu ya kufungia, upana kutoka habu hadi habu, na mwinamo wa mkono trela likiwa tupu. Yaliyobaki hapa ni ya wenye springi za majani.

Vipimo vya springi viandikwe kwenye karatasi, si kichwani: urefu kutoka katikati ya jicho hadi katikati ya jicho, upana wa jani, unene wake, idadi ya majani, kipenyo cha tundu la kila jicho, na umbali kutoka jicho la mbele hadi senta bolti. Hicho cha mwisho husahaulika, na ndicho kinachoamua ekseli itakaa wapi. Springi nyingine zina jicho mbele tu, nyuma zinateleza ndani ya hanga, kwa hiyo usidhani zote zinafanana. Andika pia ekseli iko juu ya springi au chini, na upana wake kama ni ya pembe nne, kwa kuwa bolti za umbo la U, zinazoifunga springi kwenye ekseli, hununuliwa kulingana na ekseli. Piga picha pande zote mbili. Trela lililojengwa mtaani linaweza kuwa na springi ya asili kulia na ya gari lingine kushoto.

Halafu kuna inchi na milimita, uchawi wa matrela yaliyoagizwa. La kutoka Marekani kwa kawaida lina bolti za shakeli za inchi 9/16, ambazo ni milimita 14.3. Muuzaji atakupa ya milimita 14 na itaingia bila ubishi, nawe utafurahi. Ile nafasi ndogo iliyobaki ndiyo itakayoitafuna bushi mpya kabla msimu haujaisha. Peleka bolti ya zamani na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, iwe ni Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi, na upime kipande kisichochakaa, karibu na kichwa.

Uwezo wa springi ni swali la uzito, na uzito wa boti si ule ulioandikwa kwenye karatasi za kiwanda. Petroli lita 100 ni kilo 74 hivi. Mashine ndogo ya hp 40 ya mipigo miwili (2-stroke) ni kilo 70 na ushee. Ongeza betri, nanga na mnyororo wake, masanduku ya barafu, na maji yaliyonywewa na mbao za zamani chini ya faiba. Njia ya hakika ni kuliweka trela na boti yake juu ya mizani ya malori. Wauza vyuma chakavu wakubwa wanazo. Ukishajua uzito, muulize muuzaji kama namba iliyoandikwa ni ya springi moja au ya jozi. Jibu hilo moja linaweza kukuletea springi zenye nusu ya nguvu unayohitaji, au mara mbili.

Na mara mbili si faida. Fundi wengi wakisikia springi imelegea hushauri kuongeza jani, au kuweka springi za pikapu kwa kuwa zinapatikana kila kona. Kwa trela la mchanga sawa. Lakini springi ngumu kupita mzigo wake hazifanyi kazi: trela linaruka kwenye kila tuta, na mshtuko ambao ungeishia kwenye chuma unaishia kwenye boti. Faiba inaanza kuchora nyufa za nywele pale inapolala juu ya roli. Hali kadhalika kataa springi kupashwa moto ili irudishiwe upinde wake. Chuma cha springi kikishapashwa kienyeji hupoteza ugumu wake na kitalala tena. Badilisha pande zote mbili kwa pamoja, hata kama moja inaonekana nzima.

Orodha ya ununuzi iwe ndefu kuliko springi: shakeli, bushi, bolti zote, bolti za U pamoja na bamba zake, na nati mpya. Bolti za U hazirudishwi, kwa kuwa zilishavutika mara ya kwanza zilipokazwa, na nati zenye pete ya nailoni nazo ni za kutumika mara moja. Chagua zilizochovywa zinki. Bolti za chuma kisichoshika kutu zinavutia macho, lakini ndani ya maji ya chumvi hula zinki ya chuma kilichozigusa, na kutu itahamia kwenye hanga. Kwa kuwa magurudumu yatakuwa yametoka, nunua pia beringi na sili. Habu iliyopata moto barabarani ikizamishwa kwenye maji, hewa ya ndani husinyaa na kuyafyonza maji ya chumvi kupitia sili iliyochoka. Namba ya beringi imechongwa ubavuni mwake, kwa mfano L44649. Kwa namba hiyo hakuna haja ya kubahatisha.

Wiki moja kabla, osha viungo vyote kwa maji ya bomba, viache vikauke, kisha vipulizie mafuta ya kulegeza kutu kila jioni. Hata hivyo usipange kufungua nati, panga kuzikata. Kwenye trela la baharini zitakazofunguka kwa spana ni za bahati. Kwa hiyo grenda, diski za kutosha, miwani, na umeme wa uhakika au jenereta. Ambapo moto utatumika juu ya chuma chenye zinki, fanya kazi nje, penye upepo, na ikwangue zinki kwanza. Moshi wake huleta homa na baridi ya kutetemesha saa chache baadaye, inayofanana na malaria kiasi kwamba mtu anaweza kukimbilia dawa zisizo zake. Na mchomeleaji aifunge waya ya ardhi karibu kabisa na anapochomelea. Akiifunga upande wa pili, umeme unapita ndani ya beringi na kuziachia vidonda.

Siku yenyewe uwe na jeki mbili, ya chesisi na ya kushikilia ekseli, na stendi za chuma juu ya mbao pana, maana mchanga humeza stendi. Fungua upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili; upande mzima unabaki kuwa ramani yako. Hakikisha kichwa cha senta bolti kimekaa ndani ya tundu lake juu ya ekseli kabla ya kukaza bolti za U, na uzikaze kwa kupishana, kidogo kidogo. Bolti za shakeli zikazwe mpaka zikae, lakini shakeli iachwe iweze kubembea.

Springi za zamani zisiuzwe kwanza. Endesha trela tupu kilomita chache, shuka, shika kila habu kwa kiganja: vuguvugu ni sawa, ya kuunguza si sawa. Kaza tena bolti za U, pandisha boti, na baada ya kilomita kama 50 za mzigo uzikaze mara nyingine.