Kugeuza Friji ya Mvinyo Kuwa Kabati la Kutunzia Siga

Siga, ile misokoto minene ya majani ya tumbaku itokayo Kuba, Nikaragua, Hondurasi na Jamhuri ya Dominika, huharibika kwa njia tatu: hukauka, huota ukungu, au huliwa na mdudu. Sanduku la mbao lililofungwa vizuri linatosha mahali ambapo joto la chumba halizidi nyuzi 21 za Selsiasi. Katika miji ya mwambao kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ambako joto la ndani ya nyumba hufika nyuzi 30 kwa urahisi, sanduku hilo huzuia ukavu lakini halimzuii mdudu. Hapo ndipo friji ndogo ya mvinyo inapofaa, kwa kuwa imeundwa kupoza kwa kiasi tu na haigandishi. Hata hivyo, anayeanza kazi hii anapaswa kuelewa tangu mwanzo kwamba ugumu wake hauko katika kuongeza unyevu, bali uko katika kuizuia mashine inayopoza isiunyang'anye.

Lengo letu ni joto la nyuzi 18 hadi 20 na unyevu wa hewa wa asilimia 65 hadi 69. Mdudu wa tumbaku, ambaye wanasayansi humwita Lasioderma serricorne, huzaliana kwa kasi katika joto la nyuzi 25 kwenda juu, na ukuaji wake husimama joto likishuka chini ya nyuzi 20 hivi. Ukungu nao hupata nafasi unyevu unapopita asilimia 75. Hakuna sababu ya kupoza hadi nyuzi 12 kama ilivyo desturi ya mvinyo. Baridi ya namna hiyo huchelewesha kukomaa kwa siga na kuzidisha shida ya maji tutakayoieleza hapa chini.

Friji za mvinyo ziko za aina mbili. Aina ya kwanza ina kompresa na gesi, kama friji ya jikoni. Ya pili hupoza kwa bamba dogo la umeme, kwa kanuni iliyogunduliwa na Mfaransa Jean Peltier mwaka 1834. Haina gesi, haitikisiki, na ubaridi wake ni wa upole. Kwa siga, mimi huipendelea hii ya pili, kwa sharti moja: kwa kawaida haiwezi kushusha joto zaidi ya nyuzi 10 hivi chini ya joto la chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 32, ndani ya friji mtapata 22, na hapo mdudu bado yuko salama. Kwa hiyo iwekwe katika chumba chenye kiyoyozi au upande wa nyumba usiopigwa na jua, na nyuma yake iachwe nafasi ya kupumua. Asiye na chumba cha namna hiyo achukue ya kompresa, kisha aidhibiti kwa thermostati ya nje, yaani kifaa kinachochomekwa baina ya plagi na friji na kukata umeme joto linapofika kiwango kilichowekwa. Katika hali hiyo chagua friji ya kitufe cha kuzungusha, kwa kuwa baadhi ya zile za vitufe vya kugusa hubaki zimezimika au husahau mpangilio wake kila umeme unapokatwa na kurudi. Kwa mtu wa Nairobi mambo ni mepesi zaidi: miezi mingi ya mwaka anaweza kuiacha friji bila umeme kabisa, akaitumia tu kama sanduku lisilopitisha hewa.

Kabla ya lolote, ondoa harufu. Tumbaku hunyonya kila harufu iliyo karibu nayo, na plastiki mpya ina harufu kali. Osha ndani kwa maji ya vuguvugu yenye siki kidogo, usitumie sabuni yenye manukato, kausha, kisha jaza magazeti yaliyokunjwakunjwa pamoja na bakuli la mkaa mkavu, ukibadilisha magazeti kila siku hadi pua isisikie kitu. Kazi hii isiharakishwe. Wakati huo huo kagua mpira wa mlango: weka karatasi baina ya mpira na fremu, funga, kisha vuta, ikitoka bila kukwama, mahali hapo panavuja.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Hewa yenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 65 huanza kudondosha umande inapogusa kitu chenye nyuzi 13 au chini ya hapo. Bamba la kupozea, linapofanya kazi, huwa baridi kuliko hivyo, nalo hutoka jasho kama glasi ya maji baridi mezani. Jasho hilo hutiririka hadi kwenye tundu la nyuma na kutoka nje, na kila tone ni unyevu uliotoka katika siga zako. Tiba yake ni mbili, na zote zinahitajika. Kwanza, usiweke joto chini kuliko linavyohitajika, ili mashine ifanye kazi kwa vipindi vifupi. Pili, ziba tundu hilo kwa silikoni, na uweke trei ndogo chini ya bamba ili maji yanayodondoka yarudi hewani ndani ya kabati. Ukitaka kupitisha waya wa kihisi joto au wa feni, upitishe katika tundu hilohilo kabla ya kuliziba. Kamwe usitoboe ukuta wa friji ya kompresa, kwa sababu mabomba ya gesi hupita humo, na gesi hiyo katika friji nyingi za sasa huwaka moto. Silikoni ikishakauka, acha mlango wazi hadi harufu yake iishe.

Toa rafu za waya na uweke za mbao. Mti unaotumiwa duniani kote kwa kazi hii ni Cedrela odorata, ambao Tanzania huitwa mwerezi na hupandwa kwa ajili ya mbao. Ni wa ukoo mmoja na mkangazi na mwarobaini. Mwombe fundi mbao zilizokaushwa vizuri zisizotoa utomvu, asizipake rangi wala vanishi, na azikate fupi kidogo ili pabaki nafasi ya sentimita mbili au tatu nyuma na mbele kwa ajili ya mzunguko wa hewa. Usidanganyike ukaletewa mutarakwa wa nyanda za juu za Kenya kwa kuwa nao huitwa mwerezi na baadhi ya mafundi: mafuta yake ni makali na yataua ladha ya tumbaku. Feni ndogo ya kompyuta ya volti 12, ikizungushwa kwa dakika chache kila baada ya saa kadhaa, husawazisha hewa ya juu na ya chini.

Kwa unyevu, pakiti zinazotoa na kunyonya, za asilimia 65 au 69, ndizo rahisi kuliko zote. Hesabu pakiti moja ya gramu 60 kwa kila siga 25 ambazo kabati linaweza kubeba. Punje za silika hufanya kazi hiyohiyo kwa gharama ndogo zaidi, mradi zilowanishwe kwa maji yaliyotoneshwa, si ya bomba. Mtu wa mwambao asijaze maji kwa wingi, kwani kila anapofungua mlango hewa ya nje humletea unyevu wa kutosha.

Kipima unyevu kihakikiwe kwa chumvi. Weka kijiko cha chumvi katika kizibo cha chupa, itie matone ya maji hadi iwe tope, ifungie pamoja na kipimo katika mfuko usiopitisha hewa kwa siku moja. Kipimo kinapaswa kusoma asilimia 75; tofauti yoyote iandike na uikumbuke kila unaposoma.

Mbao mpya huwa na kiu. Ziache ndani pamoja na bakuli la maji yaliyotoneshwa kwa wiki moja au mbili hadi usomaji utulie, ndipo uondoe bakuli, uweke pakiti, na ungoje siku kadhaa nyingine mashine ikiwa inafanya kazi. Siga zenyewe, hasa zile ambazo zimesafiri katika joto, zifungwe katika mifuko miwili ya plastiki na kugandishwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku tatu, zihamishiwe friji ya kawaida kwa siku moja, kisha ziachwe zipate joto la chumba zikiwa bado ndani ya mifuko, ili umande usiwepo juu ya majani. Baada ya hapo ziingie kabatini, na katika mwezi wa kwanza zikaguliwe mara kwa mara: tundu dogo kama la sindano katika jani la nje maana yake mdudu ameshatoka, na kila siga iliyokaa jirani na hiyo irudi kwenye friza siku hiyohiyo.