Kabla ya Kuangusha Mivinje ya Ufukweni

Ukiutazama mvinje kwa mbali utasema ni msonobari: mrefu, mwembamba, una sindano na vitunda vigumu kama koni. Lakini siyo jamii moja. Chukua sindano moja uivute, itakatika pingili kwa pingili. Ile sindano ni kijitawi, na majani yenyewe ni vimeno vidogo vilivyozunguka kila pingili. Naanza na hili kwa sababu wengi wanaonunua kiwanja Kigamboni au Bagamoyo wanaushughulikia mvinje kama msonobari wa shambani, wa kukatwa na kung'olewa kisiki siku hiyohiyo. Ufukweni kisiki ndicho cha kufikiriwa kwanza.

Mizizi ya mvinje husambaa chini kidogo tu ya mchanga, imesukana kama mkeka. Kwenye kiwanja cha familia yetu tulikata mivinje minne kwa mpigo na kung'oa visiki kwa trekta ili bustani ipendeze. Kusi iliyofuata, maji ya bamvua, yaani yale yanayojaa sana mwezi unapoandama au kuwa mpevu, yalikula mchanga hatua sita kuingia ndani. Ukuta wa mbele ukabaki unaning'inia, mtu anapitisha mkono chini ya msingi. Tangu hapo ushauri wangu ni huu: kata shina, acha kisiki na mizizi yake. Tena kisiki cha mvinje aghalabu hakichipui kwa fujo kama cha mwarobaini, kwa hiyo hakitakusumbua. Ila kitaoza taratibu, ndiyo maana mbadala uwe umeshaota kabla ya shoka kuingia. Mkungu, mtondoo na mkadi hustahimili chumvi, na pale mbele kabisa acha lakasa itambae na maua yake ya zambarau. Usiifyeke kwa kudhani ni magugu.

Lakini mvinje usidhaniwe kuwa ukuta wa bahari. Wimbi likishafukua chini yake, mti huanguka na sahani nzima ya mizizi na mchanga wake. Mti wenye mizizi iliyokwisha kuning'inia upande wa maji, au wenye shina linalolia uwazi ukiligonga, huo uondolewe mapema. Uliosimama imara na kosa lake ni kuziba mandhari tu, punguza matawi ya chini kwanza, kisha kaa nao msimu mmoja ndipo uamue.

Kabla ya kumwita fundi, nenda kwa serikali ya mtaa na kwa afisa misitu wa wilaya. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 kutoka ufukweni shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru hifadhi ya ufuko. Kuwa na hati ya kiwanja hakukuondoi kwenye sheria hiyo. Uliza pia kuhusu hati ya kusafirisha magogo, maana gari likikamatwa njiani bila hati, hasara ni yako na dereva.

Sasa upime mti. Shika fimbo iliyonyooka, sehemu iliyo juu ya ngumi yako iwe sawa na umbali kutoka jichoni hadi ngumini. Nyoosha mkono, fimbo isimame wima, kisha rudi nyuma kwenye ardhi tambarare mpaka ngumi ilingane na mguu wa mti na ncha ilingane na kilele. Umbali kati yako na mti ndio urefu wake, na hapo uliposimama ndipo kilele kitakapofika ukianguka upande huo. Mti wa mita 25 unataka mita 50 bila mtu wakati wa kuangusha. Viwanja vichache vya ufukweni vina nafasi hiyo, na miaka ya upepo wa baharini huwa imeuinamisha mti kuelekea bara, yaani kwenye nyumba. Kwa hiyo ukatwe vipande kuanzia juu, kila kipande kikishushwa kwa kamba. Mpandaji awe na mkanda wake, na nyaya za umeme zikiwa karibu TANESCO wazime kwanza. Angalia nyuki na viota mapema. Fundi aliye mita 15 juu na chenso mkononi hana pa kukimbilia.

Kuhusu msimu, mimi napanda miche masika na kukata wakati wa tangambili ya Oktoba au Novemba, kusi imepoa na kaskazi haijashika. Chagua siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, msongamano wa kazi pale ufukweni usikutane na bamvua.

Andikianeni na fundi: bei, nani anamtibu atakayeumia, nani anachukua mbao. Hili la mwisho huleta ugomvi, kwani mvinje ni mgumu, hutoa nguzo nzuri na kuni zinazowaka hata zikiwa mbichi. Usiruhusu magogo yavingirishwe majini ili kuokoa nauli. Ni mazito mno, na ngalawa itakayoligonga gogo usiku ni ya jirani yako.

Waulize pia wavuvi. Mzee mmoja alikuja kwetu asubuhi ya kazi akauliza upi unakwenda, kwa kuwa usiku wa mbalamwezi aliulinganisha mvinje wa kona na mnara wa msikiti ili apite mlango wa mwamba, yaani upenyo kati ya miamba ya baharini. Huo hatukuugusa.