Kabla hujamwombea viza ya Uingereza mfanyakazi wa kampuni yenu ya Mbeya, kagua slipu zake za mshahara

Mwaka 2024 nilijaribu kumleta Uingereza meneja wa mauzo wa kampuni yetu ya familia, inayokoboa na kuuza kahawa ya Mbozi. Ofisi iko Mbeya mjini, msimamizi wake ni baba mdogo. Mimi niko huku miaka mingi, nikaona wakati umefika wa kufungua tawi. Viza ilikataliwa na kijana amefungiwa viza kwa miaka 10. Naandika ili lisimkute kijana wa mwenzangu.

Njia tuliyopitia inaitwa UK Expansion Worker, ilianza Aprili 2022, kwa kampuni za nje zinazotaka kuanza biashara Uingereza. Tawi liwe limesajiliwa au lina ofisi, ila lisiwe limeanza kuuza. Likishaanza, njia hii si yako. Unaomba leseni ya udhamini (ruhusa ya kampuni kuleta wafanyakazi), mwisho watu watano, kila mmoja unamtolea cheti cha udhamini, naye anaomba viza ndani ya miezi mitatu. Kipimo cha kifua kikuu. Ada ya afya pauni 1,035 kwa mwaka. Alama za vidole Dar es Salaam, kwa hiyo mtengee nauli na mahali pa kulala. Tangu tarehe 22 Julai 2025 mshahara hautakiwi kupungua pauni 52,500 kwa mwaka, na baadhi ya kazi kiwango chake ni zaidi ya hapo. Viza ni ya miezi 12, huongezwa hadi ifike miaka miwili, na haimpi mtu ukaazi wa kudumu.

Sisi tuliangukia kwenye sharti la miezi 12: mfanyakazi awe ameitumikia kampuni akiwa nje ya Uingereza kwa muda usiopungua huo, na ionekane kwenye karatasi. Nilipomwuliza baba mdogo alicheka. "Huyu tuko naye mwaka wa sita, Mwanjelwa nzima inamjua." Ni kweli. Ila mshahara wake ulikuwa unatoka kwenye simu ya baba mdogo kwa M-Pesa, mwezi mwingine taslimu, na mchango wake wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ulianza kulipwa miezi mitano tu kabla ya maombi.

Nikamwandikia baba mdogo: nitumie slipu za mshahara za mwaka mzima. Baada ya siku mbili zikaja 12, safi, kila moja na muhuri. Zilitengenezwa mchana mmoja kwenye duka la stesheneri, kijana akaambiwa aweke sahihi, akaweka kwa sababu mzee kasema. Mimi sikuzikagua. Niliona muhuri nikaridhika. Slipu zote zilionyesha makato ya NSSF. Taarifa ya NSSF yenyewe, iliyokuwa kwenye bahasha hiyo hiyo, ilionyesha miezi mitano.

Ofisa wa viza aliziweka pamoja akasoma. Barua ya kukataa ilitaja udanganyifu. Hilo neno ukiliona, jua kosa si la kukosa karatasi, ambalo mtu hulirekebisha akaomba upya. Adhabu yake ni miaka 10, na jina kwenye barua ni la kijana. La baba mdogo halimo. Langu halimo.

Wazee wetu, nawaheshimu, na najua mlitaka kusaidia. Lakini msitengeneze karatasi ya kurudisha tarehe nyuma. Hata slipu moja. Hata kama kazi yenyewe ilifanyika kweli. Taarifa ya M-Pesa ya miezi ile, hata ikiwa imetoka kwenye simu ya mzee, ilikuwa ushahidi wa kweli, nasi tuliiacha tukapeleka wa kughushi. Kwa karatasi pungufu tungekataliwa tu, tukasubiri, tukaomba tena.

Waingereza nimewajifunza hivi: mwanzoni wanakuamini kuliko tulivyozoea. Barua isiyo na muhuri wanaipokea, wakati Mbeya ungerudishwa mlangoni. Sisi tunadhani muhuri ndio ukweli. Wao wanatazama kama tarehe na hesabu zinakubaliana. Wakikuta hazikubaliani, imani yote inaondoka mara moja, tena kwa barua yenye adabu nyingi, na hakuna wa kumwendea kueleza kwamba mzee hakuwa na nia mbaya. Naona ni ukali uliopitiliza kwa kijana aliyemtii mkubwa wake. Lakini ndivyo walivyo, na wewe unayeishi nao ndiye unayepaswa kumweleza mzee kabla hajaenda stesheneri.

Kwa hiyo anza na taarifa ya NSSF. Mwombe mfanyakazi mwenyewe aichukue na akutumie moja kwa moja, pamoja na taarifa ya benki na mkataba wake. Weka na rekodi za PAYE (kodi ya mshahara) za TRA. Pitia mwezi kwa mwezi, ukiwa na kalamu. Mwezi usiolingana usiuombee maelezo ya mdomo, na usiombe slipu mpya. Kama pengo ni kubwa, acha kuomba. Lipa mshahara kwa benki, changia NSSF kila mwezi, hesabu 12, ndipo uombe. Tawi lisubiri.

Sasa tuna dada mmoja wa hesabu tunayemwandaa. Mshahara wake unaingia benki, taarifa ananitumia mwenyewe kila mwisho wa mwezi, na baba mdogo hagusi karatasi yoyote. Juzi tumefika mwezi wa saba kati ya ile 12.